Kutafuta king'amuzi cha MUSE ili uone diski za Hi-Vision

Swali ni lilelile kila mara: kwa nini diski yangu ya Hi-Vision haitoi picha? Mtu kanunua diski kubwa ya leza kutoka Japani, kava imeandikwa Hi-Vision, kaitia kwenye deki yake ya LaserDisc, na skrini imebaki nyeusi. Diski ni nzima, deki ni nzima, TV ni nzima. Kilichokosekana ni king'amuzi, kwa sababu picha iliyomo imebanwa kwa mfumo uitwao MUSE, na hakuna TV ya leo inayoujua, hata uinunue kwa bei gani.

Historia nitaimaliza kwa aya moja. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianza utafiti wa televisheni ya picha kali mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo. Kilichopatikana ni Hi-Vision: picha pana ya uwiano wa 16:9 yenye mistari 1125. Picha hiyo ilikuwa kubwa mno kupita kwenye chaneli moja ya setilaiti, ndipo MUSE ikabuniwa ili kuibana. Matangazo ya saa nane kwa siku yalianza tarehe 25 Novemba 1991. Tarehe hiyo haikuja kwa bahati: mwezi wa 11, siku ya 25, mistari 1125. Mwaka 2007 yakazimwa. Hewani hakuna tena MUSE. Zimebaki diski za miaka ya 1990, na vifaa vyake vyote ni mitumba.

Ushauri wangu mkubwa niuweke hapa mapema: nunua king'amuzi kwanza, deki baadaye, diski mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa diski ni nyepesi, hupatikana haraka na kava zake zinavutia. Kisha wanakaa na rundo la diski wakisubiri king'amuzi ambacho huenda kikachukua miezi kuonekana sokoni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- King'amuzi cha MUSE kamili, au TV ya Kijapani yenye king'amuzi hicho ndani.
- Deki ya LaserDisc ya Hi-Vision. Deki ya kawaida haitoshi.
- Transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100. Si 110, ni 100.
- Waya wa koaksi wa omu 75 wa kutoka kwenye deki hadi kwenye king'amuzi, na waya tatu za komponenti (kijani, bluu, nyekundu) za kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye skrini.
- TV au kigeuzi kinachopokea komponenti ya 1080i (picha kali ya mistari 1080).
- Fundi wa elektroniki anayeweza kubadilisha kapasita ndogo za juu ya bodi bila kung'oa njia za shaba. Mtafute sasa, usingoje mzigo ufike.
- Subira. Hili halina duka.

Hatua

1. Hakikisha ulichonacho ni MUSE kweli.

Japani ya miaka ile ilikuwa na picha pana za aina nyingi na majina yake yanachanganya. Angalia kava: diski ya MUSE huandikwa Hi-Vision, au kwa Kijapani ハイビジョンLD, na mara nyingi neno MUSE lenyewe lipo mahali fulani nyuma. Ukikuta スクイーズ, hiyo ni diski ya kawaida ya NTSC (mfumo wa TV za kawaida za Japani ya wakati ule, wa mistari 525) ambayo picha yake imebanwa kutoka pembeni; unaivuta kwa kitufe cha upana kwenye TV na kazi imeisha. Ukikuta ワイドクリアビジョン, huo ni mfumo mwingine wa kuanzia 1995, uliojengwa juu ya NTSC, na king'amuzi cha MUSE hakitakusaidia kitu.

Kanda za W-VHS za Victor (wengi tunawajua kwa jina la JVC) ni habari tofauti pia. Zile hurekodi picha ya mistari 1125 iliyokwisha kufunguliwa, kwa hiyo hazidai king'amuzi cha MUSE. Zinadai deki ya W-VHS, kama HR-W1 au HR-W5. Na kama ulichonacho ni kanda ya PALplus ya Ulaya (picha pana iliyojengwa juu ya PAL, mfumo wa TV uliotumika huko), huu si mwongozo wako. Nikudokeze tu kwamba kama imerekodiwa kwa VHS ya kawaida, ile sehemu ya ziada ya picha iliyofichwa kwenye mistari myeusi ya juu na chini haikusalimika kwenye kanda, kwa hiyo usihangaike kutafuta mashine.

2. Chagua njia yako.

Ziko tatu. Ya kwanza ni king'amuzi cha nje: sanduku lenye ukubwa wa deki ya video, au zaidi kwa matoleo ya mwanzo. Hii ndiyo ninayoipendekeza, maana linasafirishika na linaungana na skrini yoyote yenye komponenti.

Ya pili ni TV ya chogo ya Kijapani yenye king'amuzi ndani yake. Picha yake ni tamu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo skrini iliyokusudiwa tangu mwanzo. Lakini TV hizo ni nzito ajabu, huwezi kuibeba peke yako, na kioo chake safarini ni bahati nasibu. Kama unaishi Japani, ichukue. Kama uko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, achana nayo.

Ya tatu ni kompyuta. Wapo wapenzi wa LaserDisc wanaochota mawimbi ghafi ndani ya deki kwa kifaa kiitwacho Domesday Duplicator, kisha programu ikafanya kazi ya kufungua picha. Kwa diski za NTSC na PAL njia hii imekomaa vizuri. Kwa MUSE programu zipo, ila bado ni za majaribio na zinakutaka uwe mtu wa kuandika amri kwenye Linux bila woga. Na usidhani inakuepusha na gharama ya deki: bado utahitaji deki ya Hi-Vision kusoma diski.

3. Tafuta kwa Kijapani, si kwa herufi zetu.

Vifaa hivi viliuzwa Japani, na wauzaji wake wanaandika kwa Kijapani. Masoko makuu ni Yahoo! Auctions ya Japani na Mercari. Kwa aliye huko, tembelea maduka ya mitumba ya Hard Off. Nakili maneno haya kama yalivyo:

MUSEデコーダー
MUSEデコーダ
ハイビジョン デコーダー

Mstari wa kwanza na wa pili unatofautiana kwa kistari kimoja tu mwishoni, lakini mnada unaweza kuleta matokeo tofauti. Tafuta kwa yote mawili.

Kisha jifunze kusoma hali ya kifaa, maana hapa ndipo pesa hupotea. 動作確認済み maana yake kimejaribiwa na kinafanya kazi. 通電確認のみ maana yake kimewashwa, taa ikawaka, basi. Hakuna aliyeona picha. ジャンク ni kibovu au hakijulikani, na hakirudishwi. 部品取り ni cha kuchinja vipuri. Kwa king'amuzi, hata tangazo zuri mara nyingi ni la taa kuwaka tu, kwa sababu muuzaji mwenyewe hana deki ya kukijaribia. Mimi huchukulia kila kilicho chini ya 動作確認済み kuwa kinahitaji fundi, na bei ninayotoa ni ya kitu kinachohitaji fundi.

Wauzaji wengi hawatumi nje ya nchi. Utahitaji wakala wa kukununulia, kama Buyee au ZenMarket. Kabla hujabonyeza, hakikisha wakala anatuma hadi nchi yako na anapokea uzito huo.

4. Soma mgongo wa kifaa kabla ya jina lake.

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tulia nayo.

Enzi hizo kulikuwa na vifaa viwili vilivyofanana sura. Kimoja ni king'amuzi kamili: kinapokea MUSE na kutoa picha ya mistari 1125. Kingine ni kigeuzi cha MUSE kwenda NTSC, Wajapani wakikiita M-Nコンバーター. Hiki kilikuwa cha bei nafuu, cha mtu aliyetaka kuona matangazo ya Hi-Vision kwenye TV yake ya kawaida. Kinafungua picha, ndiyo, lakini kinaishusha hadi mistari 525. Utapata upana bila ukali, na ukali ndio uliokupeleka huko. TV nyingi pana za miaka ile zilikuja na kigeuzi hiki ndani na si king'amuzi kamili. Wauzaji wa leo huviita vyote MUSE bila kutofautisha.

Omba picha ya nyuma, iliyo kali kiasi cha kusomeka maandishi. Kwenye king'amuzi kamili utaona tundu la kuingizia lililoandikwa MUSE入力, na upande wa kutolea utaona matundu matatu yanayokwenda pamoja, Y, PB na PR, aghalabu yakiwa na neno ハイビジョン出力 juu yake. Ukiona upande wa kutolea kuna tundu la njano na S-Video tu, funga ukurasa.

Kuna mtego wa tatu: TV iliyoandikwa ハイビジョン対応. Maana yake inaweza kuonyesha picha ya Hi-Vision ikiletewa tayari. Kufungua MUSE haiwezi.

5. Sasa tafuta deki.

Deki ya kawaida ya LaserDisc hutumia leza ya nanomita 780. Vishimo vya diski ya Hi-Vision ni vidogo zaidi, na vinahitaji leza nyekundu ya nanomita 670. Ukiilazimisha deki ya kawaida, ama itaitema diski, ama itazungusha tu pasipo picha.

Majina ya kutafuta ni haya: Pioneer HLD-1000, HLD-X9 na HLD-X0, Sony HIL-C1 na HIL-C2EX, Panasonic LX-HD10 na LX-HD20. HLD-X9 ndiyo nitakayomwambia mtu anunue kama mfuko unaruhusu, kwa kuwa inacheza pia diski za NTSC vizuri mno na wapenzi wake ni wengi, hivyo habari za kuitengeneza zinapatikana. HLD-X0 ni ya kifahari, na uzito wake utaukumbuka siku ya kulipia nauli.

Usinunue deki isiyo na rimoti bila kufikiri. Baadhi ya mipangilio haipo kwenye vitufe vya mbele.

6. Panga usafiri kwa maandishi.

Mwambie wakala afungue na kufunga upya: povu pande zote, sanduku ndani ya sanduku, na deki isikae na diski ndani. Kama deki ina skrubu ya kufungia leza wakati wa safari, ifungwe. Diski zisafiri zimesimama kama vitabu, kamwe zisilazwe zikabebeshwa mzigo juu.

Wapo wanaoagiza magari kutoka Japani wakafikiri kupachika deki kwenye buti. Vitu vya ndani ya gari bandarini vina tabia ya kupata miguu, achilia mbali kwamba kampuni nyingi za meli haziruhusu. Tuma kwa njia yake, na uliza wakala wa forodha mapema kuhusu masharti ya elektroniki zilizotumika.

7. Umeme: soma hatua hii mara mbili.

Japani hutumia volti 100. Sisi huku ni 230 au 240. Plagi yao yenye pini mbili bapa inaingia bila shida kwenye adapta za dukani, na adapta haipunguzi volti hata moja. Ukichomeka hivyo umekwisha: fyuzi ikiwa na huruma itakatika, isipokuwa na huruma utasikia mlio na harufu.

Nunua transfoma iliyoandikwa 100V upande wa kutolea. Zile za 110V za vifaa vya Marekani zinapatikana kirahisi, ila zinaipandishia mashine yenye umri wa miaka thelathini joto ambalo haikulihitaji. Soma wati kwenye kibandiko cha nyuma cha kila kifaa, jumlisha, kisha chukua transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu au zaidi. Tofauti ya hezi 50 na 60 isikutishe. Mashariki ya Japani wenyewe wako kwenye 50, na kibandiko kitasema 50/60Hz.

8. Usiwashe kabla ya kufungua kifuniko.

Kapasita ndogo za miaka ya mwanzo ya 1990 zina sifa mbaya ya kuvuja. Majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi polepole, na ukiwasha kikiwa hivyo unaharakisha. Fungua kifuniko, shika tochi, tazama kwa pembe kwenye miguu ya kapasita zile fupi za bati zilizobandikwa juu ya bodi. Risasi ya kulehemu iliyo nzima hung'aa. Iliyolowa huwa ya kijivu isiyo na mng'ao, wakati mwingine ina ukungu wa kijani pembeni, na ukinusa karibu kuna harufu kama ya samaki. Ukiona hivyo, mpe fundi abadilishe zote, sio ile moja tu iliyoonekana, na aoshe bodi kwa spiriti safi kabla ya kuweka mpya.

King'amuzi kimejaa chipu maalumu ambazo hazitengenezwi tena. Bodi ikifa, imekufa.

9. Unganisha.

Kila kitu kiwe kimezimwa. Waya mmoja wa koaksi utoke kwenye tundu la MUSE la deki uende kwenye MUSE入力 ya king'amuzi. Usitumie ule waya mwembamba wa sauti uliokuja na redio. Signali hii ina upana wa megahezi 8.1, na waya mbaya utaiona athari yake kwenye picha. King'amuzi kikiwa na chaguo la chanzo, setilaiti au diski, weka diski.

Kisha Y, PB na PR kwenda kwenye skrini, na waya za sauti. Hapa pana jambo la kuzingatia: sauti ya Hi-Vision husafiri kidijitali ndani ya signali ileile ya MUSE, kwa hiyo itoe kwenye king'amuzi, usiitafute kwenye deki. Diski nyingine zina sauti ya njia nne: kushoto, kulia, kati na nyuma.

Washa skrini, kisha king'amuzi, deki mwisho. Vingi vina taa ya kuonyesha kwamba MUSE imeshikwa. Ikiwaka ikatulia, kazi kubwa imekwisha.

10. Kuifikisha kwenye TV ya leo.

Picha inayotoka ina mistari inayoonekana 1035, si 1080, na inakwenda kwa fildi (nusu-picha) 60 kamili kwa sekunde, si 59.94. TV nyingi zenye komponenti zitaichukua kama 1080i bila kulalamika. Vigeuzi vya bei rahisi vya kupeleka HDMI ndivyo vigumu kutabiri: kimoja kinakubali, kingine cha sura hiyohiyo kinagoma. Nunua mahali panaporudishika.

Ikigoma

*Skrini nyeusi kabisa, taa ya MUSE haiwaki.* Anza na mambo madogo: chanzo kilichochaguliwa, waya, diski kugeuzwa upande. Kama deki inacheza NTSC sawasawa lakini haishiki Hi-Vision, safisha lenzi. Leza nyekundu iliyochoka huanza kushindwa kwenye Hi-Vision kabla ya NTSC.

*Umechomeka MUSE moja kwa moja kwenye tundu la njano la TV ili kujaribu.* Hutaona kitu, na hilo si ushahidi wa ubovu. Alama za MUSE zinazoiambia TV mstari na picha vinaanzia wapi zimepangwa tofauti kabisa na za NTSC, hivyo TV haioni hata kwamba kuna signali.

*Taa inawaka, sauti ipo, picha hakuna.* King'amuzi kinafanya kazi; shida iko kati ya hapo na skrini. Jaribu TV nyingine kabla ya kumwita fundi.

*Picha ni kali ikitulia, inafifia vitu vikisogea.* Hakuna kilichoharibika. MUSE hujenga picha tulivu kwa kukusanya fildi nne. Kitu kikikimbia, hakuna muda wa kukusanya. Tazama maandishi ya mwisho wa filamu yanavyopanda ukapima mwenyewe.

*Rangi ziko kombo kidogo, kijani na nyekundu hazikai sawa.* TV inazisoma kwa kanuni ya HD ya kisasa, nayo inatofautiana kidogo na ya Hi-Vision. Rekebisha kwa mkono. Lakini kama picha nzima ni ya kijani au zambarau, umepishanisha waya za PB na PR, au mmoja umelegea.

*Mstari mweusi juu au chini, au picha imekatwa kidogo.* Ni ile 1035 ndani ya 1080. Sogeza picha kwenye mipangilio ya skrini, ikishindikana izoee.

*Vimeta vyeupe vinavyorudi mahali palepale kila ukicheza.* Diski imeanza kuoza kwa ndani, hewa imeingia kati ya tabaka. Hiyo haitibiki. Vikihamahama na kuonekana kwenye kila diski, lawama ni ya deki au waya.

*Kinawaka vizuri, baada ya nusu saa picha inavunjika vipande.* Joto, na karibu kila mara ni kapasita za sehemu ya umeme. Kizime palepale, usikiache kiendelee ili umalizie filamu, na urudi hatua ya 8.